Mhesabu Wageni wa Ziwa Lyandu

Wameruka!

Haya, mbona mnanitazama tu? Nikisema "Wameruka," ninyi mnaitikia "Watatua wapi?" Tena kwa sauti ya watu walioshiba, si kwa miayo. Sengi, acha kwanza hizo karanga. Tumekuita uzimenye, hatukukuita uzimalize. Tuanze upya. Wameruka!

Watatua wapi?

Watatua hapa nilipo, mkinipa nafasi. Basi hapo zamani, zamani ile ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, fisi akiwa bado hajajifunza kucheka na vilima vikiwa bado laini kama ugali wa moto, palikuwa na ziwa. Jina lake Lyandu. Msiniulize liko wapi, mimi mwenyewe miguu yangu haikunifikisha. Upande mmoja lilikuwa na maji ya magadi, na huko walisimama heroe maelfu kwa maelfu. Upande wa pili maji yalikuwa baridi, yana matete, yana kambale, yana mwari na mnandi na bata. Ndege hao walikuwa wenyeji. Mwenyeji hahesabiwi.

Waliohesabiwa walikuwa wageni.

Wageni ni korongo weupe, wale wenye ncha nyeusi mabawani na mdomo mwekundu mrefu. Walikuja mara moja kwa mwaka, mawingu yanapoanza kujikusanya. Wakija wao, mvua haikawii. Wakija wao, panzi na nzige mashambani wanakwisha. Ndiyo maana watu wa Lyandu walisema, na sisi mpaka leo tunasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na walitoka wapi? Watu wa Lyandu walijua. Walijua kabisa, kama wewe Holo unavyojua kwamba mama yako yuko jikoni. Korongo walitoka ndani ya ziwa. Walilala chini kule, kwenye tope, miezi saba, wamekunja miguu, kisha wakaamka na kupanda juu.

Mnacheka? Chekeni. Lakini sikilizeni kwanza jinsi walivyojua. Mvua zikikaribia kwisha, korongo walijikusanya juu ya ziwa wakaanza kuzunguka, wakizunguka na kupanda, wakizunguka na kupanda. Hapo ngoma ililia: ndi, ndi, ndi! Mkubwa kwa mdogo akaingia ndani, akageukia ukuta, akafumba macho. Kwa nini? Kwa sababu mgeni anayekwenda kulala hachunguliwi. Nanyi mmefundishwa hivyohivyo, tena mkifunzwa kwa fimbo. Ngoma ikilia mara ya pili watu walitoka, wakakuta mbingu tupu, na manyoya meupe yanaelea majini. Sasa niambieni, mngesema korongo wameenda wapi? Mngesema wamezama. Hata mimi ningesema wamezama.

Basi tangu siku hiyo ziwa lilifungwa. Hakuna wavu, hakuna mgono, hakuna ndoana, mpaka wageni waamke wenyewe. Mgeni aliyelala haamshwi. Miezi saba watu walitazama samaki wakirukaruka majini, wao wakala uwele na majani ya kunde.

Mwenye ziwa alikuwa mzee Igulu. Yeye ndiye aliyepiga ngoma, yeye ndiye aliyefunga uvuvi na kuufungua. Nyavu zote za Lyandu zilipita mikononi mwake, na hapakuwa na fundo pwani ile yote asilolijua ni la nani. Msimchukie mapema. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa imegeukia ukuta kama yeye.

Na mhesabu wageni alikuwa Mbuke.

Mbuke alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu, ana shingo ndefu, mpaka watu wakamtania kwamba naye ni korongo aliyesahau kwenda kulala. Mume alikufa, watoto hakujaliwa. Kazi ya kuhesabu aliirithi kwa mama yake. Wageni walipoanza kuonekana alikwenda kukaa juu ya jiwe lililoingia majini, ana kibuyu cha shingo nyembamba mapajani. Akihesabu korongo kumi, vidole vyote vya mikono, anatia kokoto moja kibuyuni. Kumi wengine, kokoto nyingine. Jua likizama anamtikisia mzee Igulu kile kibuyu, na mzee anasikiliza, anasema, "Mwaka huu wameamka vizuri."

Macho ziwani, kokoto kibuyuni, swali moyoni. Ndivyo alivyokaa Mbuke miaka yote.

Swali gani? Nangoja mniulize, hamniulizi! Mbuke alijiuliza hivi: korongo wakitoka kwenye tope, mbona manyoya yao ni meupe? Bata akitoka kwenye tope tu kidogo, yuaonekana. Tena alijiuliza: huyu aliyekuja leo ndiye yule wa mwaka jana, au ni mwingine? Siku moja aliyatamka hayo mbele ya mzee Igulu.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "kazi yako ni kuhesabu. Kujua ni kazi ya ziwa."

Mbuke akanyamaza. Kunyamaza si kuacha, wajukuu zangu.

Sasa, mwaka mmoja, mvua zikiwa katikati, Mbuke alikwenda kutafuta kuni akamkuta korongo amenaswa kwenye miiba ya mgunga, bawa limepinda. Mwiko wa tatu wa Lyandu ulikuwa huu: mgeni hashikwi. Ukimkuta amekufa, unamzika kwa jani, humgusi. Mbuke akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna mtu. Akamfunika kwa kaniki, akamkumbatia, akaenda naye nyumbani akamficha ndani ya kihenge cha nafaka kilichokuwa kitupu.

Akamtunza. Kila asubuhi alimkamatia panzi, na kabla ya kumpa alitikisa kile kibuyu cha kokoto, amekipunguza kipate kulia, chaka-chaka-chaka, ili ndege asishtuke. Haukupita mwezi, korongo akisikia chaka-chaka tu anatoka mbio anapigapiga mdomo, ta-ta-ta-ta. Hana sauti nyingine korongo, huo mdomo ndio maneno yake yote. Na alivyotembea! Hatua moja, anasimama, anainamisha kichwa. Hatua nyingine, anasimama. Kama kijana aliyekwenda ukweni kwa mara ya kwanza. Mbuke akamwita Mkwe.

Bawa likapona. Siku za kulala wageni zikakaribia. Mbuke akatoa kwenye mkufu wa mama yake shanga tatu nyeupe, zile zinazochongwa kwenye ganda la yai la mbuni. Akazitunga kwenye ukano wa mbuzi, ule mshipa uliokaushwa ukawa uzi, akamfunga Mkwe mguuni kwa fundo la kwao, fundo la migono, ambalo baba yake aliwafundisha yeye na mdogo wake Maige na hakumfundisha mwingine.

"Nenda ukalale," akamwambia. "Ukirudi nitakujua. Nami nitakuuliza."

Alfajiri akamwachia. Siku ya tatu ngoma ikalia. Mbuke akaingia ndani akageukia ukuta kama wenzake. Alisikia upepo wa mabawa juu ya paa lake. Moyo ukamwambia geuka, shingo ikamwambia geuka, na hiyo shingo yake mnaijua ilivyokuwa ndefu! Hakugeuka. Aliogopa. Lakini machozi yalimtoka, si ya huzuni wala ya furaha. Kuna machozi ya kutaka kujua, ninyi bado hamjayaonja.

Wameruka!

Watatua wapi?

Vema, sasa mmeamka. Basi mvua za mwaka ule zilikuwa zimekatika mapema. Uwele ukatoka mapepe, masuke bila punje. Mwezi wa kwanza wa kiangazi watu walikula, wa tatu walionja, wa tano wakawa wanachemsha mizizi. Yule Maige, mdogo wake Mbuke, alikuwa na mke anaitwa Kalekwa na watoto watatu, wa mwisho ananyonya. Ziwa la kifuani mwa Kalekwa likakauka. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya, akalia, halafu akaanza kunyamaza. Mtoto anayelia ana nguvu. Mtoto anayenyamaza ndiye anayetisha.

Maige hakumwambia mtu. Alisuka mgono, akautega matetini. Asubuhi akapata kambale mmoja, mnene kama paja langu la ujanani. Kalekwa akanywa mchuzi, maziwa yakarudi, mtoto akalia tena.

Mgono nao ukakutwa. Mzee Igulu aliuinua, akaligeuza fundo mara moja tu.

"Hili ni la nyumba ya marehemu mvuvi Sangija," akasema. "Na Sangija amekufa. Mwiteni mwanawe."

Maige hakukana. Alisimama mbele ya watu, amekonda, mikono kiunoni. "Mtoto wangu alikuwa anakufa, baba," akasema. "Nimechukua mmoja."

"Umeutupa mgono juu ya wageni waliolala," akasema Igulu. "Umewakanyaga ukitega, umewakanyaga ukitegua. Je, ukiwa umewaua? Mvua nani atatuletea?"

Watu wakaguna. Njaa ilikuwa imewafanya wawe wepesi wa kukasirika. Mzee Igulu akawanyamazisha, akatoa hukumu. Wageni wangengojwa. Wakija kamili kama mwaka jana, Maige amesamehewa. Wakipungua, amewaua, naye atatolewa nje ya Lyandu yeye na mkewe na watoto wake, wavuke nyanda za magadi. Na huko kwenye magadi, wajukuu zangu, hapakuwa na tone la maji ya kunywa mwendo wa siku nne. Kumpeleka mtoto anayenyonya huko ni kumzika huku anapumua.

"Nani atahesabu?" mtu akauliza.

"Mhesabu ni mmoja," akajibu Igulu. "Ni Mbuke. Hajapata kunidanganya."

 Basi maisha ya mdogo wake Mbuke yalitiwa ndani ya kibuyu chake.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Siku moja, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna kitu. Siku ya tano, asubuhi, kwa mbali juu ya maji, nukta nyeupe. Wageni! Watu wakapiga vigelegele. Mbuke akakimbilia jiwe lake.

Macho ziwani, kokoto kibuyuni, swali moyoni. Kumi, kokoto. Kumi, kokoto. Alihesabu siku ile, akahesabu ya pili, akahesabu ya tatu mpaka hakuja mwingine. Akakiinua kibuyu. Mwaka jana kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, ukikitikisa hakilii. Mwaka huu kililia. Kilikuwa nusu.

Kalekwa alikuwa amemfuata, mtoto mgongoni. Akakisikia kile kibuyu, akaelewa. Akachuchumaa, akaanza kuokota kokoto kando ya jiwe, akazijaza kwenye kiganja.

"Wifi," akasema, "kokoto ni kokoto. Haziandikwi jina. Tia hizi, nakuomba. Nani atajua?"

Mbuke aliitazama ile mikono. Akamtazama mtoto. Niwaambie kweli? Alizipokea. Alizipokea, akazisogeza mpaka kwenye mdomo wa kibuyu. Mtu asikudanganye kwamba wema hawajaribiwi. Kisha akazimwaga chini.

"Nikikidanganya kibuyu hiki, wifi yangu," akasema, "kesho nitamwuliza nani?"

Kalekwa akamtazama kama anayemtazama mwendawazimu. "Watoto wetu wanakwenda kufa, wewe unataka kuuliza maswali?"

"Nataka kuuliza swali moja. Rudi nyumbani. Mwambie Maige asifunge mizigo."

Jioni ile Mbuke alikitikisa kibuyu mbele ya watu wote. Chaka-chaka-chaka. Mzee Igulu alifumba macho akasikiliza, na uso wake ukaporomoka, kwa maana hata yeye hakuwa ametaka kusikia hivyo.

"Nusu," akasema.

"Nusu, baba," akasema Mbuke.

"Basi Maige..."

"Baba, subiri. Nina kosa langu. Nilimshika mgeni."

 Mbuke akasema yote: mgunga, kaniki, kihenge, panzi, shanga tatu, fundo. Maige alishika kichwa, maana aliona sasa wanafukuzwa wawili badala ya mmoja. Mbuke akaendelea: "Kama walilala ziwani, yule wangu alilala nao. Nipeni siku ya kesho nimtafute. Mguu wake utatuambia alipokuwa."

"Na usipomwona?"

"Nisipomwona, mimi nitatangulia kwenye magadi, na Maige atanifuata."

Mzee akakubali. Hata yeye, ndani kabisa, nadhani kitu kilikuwa kimemwasha.

Sasa hapa ndipo penye kituko, nanyi mtanicheka. Mnajua korongo mguu wake ni wa rangi gani? Mwekundu, Holo? Umesema sawa. Lakini jua likiwa kali, korongo hufanya jambo la ajabu. Hujinyea miguuni. Ndiyo! Apate ubaridi. Basi, mavi yakikauka, miguu yote huwa myeupe pe, kama imepakwa chokaa. Na Mbuke wetu, mwenye akili zake zote, alifunga shanga za rangi gani? Nyeupe! Chekeni sasa, chekeni, Mbuke mwenyewe hakucheka.

Tangu jua linachomoza alitembea kandokando ya ziwa akitazama miguu. Mguu mweupe. Mguu mweupe. Mguu mweupe. Watu wote walimfuata kwa mbali. Alitikisa kibuyu, chaka-chaka, korongo wakainua shingo, wakainamisha. Jua likafika utosini. Likaanza kushuka. Maige alitembea kando yake, kisha akasema, "Dada, basi. Umejitahidi."

"Bado," akasema Mbuke.

Mara akaona kitu kwenye kundi lililokuwa shambani kwa mtu, mguuni kwa korongo mmoja. Si cheupe. Kilikuwa cha rangi ya samawati, kama mbingu baada ya mvua. Moyo ukamshuka, kwa maana yeye hakufunga kitu cha samawati. Lakini mnamjua. Anapita kitu asichokijua akakiacha? Akasogea. Akatikisa kibuyu.

Korongo yule akainua kichwa. Hatua moja, akasimama, akainamisha kichwa. Hatua nyingine, akasimama. Halafu, mbele ya Lyandu nzima, akatimua mbio kumfuata Mbuke, mabawa nusu, mdomo ta-ta-ta-ta-ta!

"Mkwe!" akalia Mbuke. "Mkwe wangu amerudi!"

Akampa panzi, akamkumbatia kifuani, akamwita mzee Igulu. Mzee akaja polepole, akapiga magoti kwenye udongo, akaushika ule mguu mwembamba kwa vidole vyake vya kufunga nyavu. Akakwangua chokaa kwa ukucha. Shanga moja. Ya pili. Ya tatu. Akalitazama fundo.

"La Sangija," akanong'ona. Kisha akaubonyeza ukano, akaubonyeza tena.  Aliponena, hakuwa anamwambia mtu, alikuwa anajiambia mwenyewe. "Nimeloweka ukano maisha yangu yote. Ukikaa majini siku saba, unalegea. Ukikaa mwezi, unaoza. Huu ni mkavu. Fundo hili halijalala majini hata siku moja."

Maige akaketi chini palepale.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Kando ya shanga kulikuwa na ule uzi wa samawati. Ulisokotwa kwa manyoya laini ya mnyama ambaye si mbuzi, si kondoo wa Lyandu, ukasukwa mara tatu, ukafungwa vizuri usimuumize ndege. Na mwisho wake kulikuwa na fundo. Mzee Igulu alilishika fundo lile, akaligeuza huku, akaligeuza huku. Yeye, ambaye hakuna fundo asilolijua.

"Hili si letu," akasema. "Si la pwani hii, si la pwani ile. Sijapata kuliona." Akainua macho kumtazama Mbuke, na safari hii ni yeye aliyekuwa na swali. "Basi walikuwa wapi, mwanangu?"

 Mbuke aliugusa uzi ule kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

"Walikuwa kwa mtu, baba," akasema. "Kuna mtu. Mahali fulani kuna mtu ameziona shanga zangu, akajiuliza zimetoka wapi, akanijibu."

 Watu walitazama ziwa, wakatazama mbingu, wakatazama ziwa tena. Mbingu ilikuwa imekuwa kubwa ghafla.

Maige akasamehewa. Kalekwa alikwenda kumwangukia Mbuke miguuni, Mbuke akamwinua, wakalia wote wawili mpaka mtoto mgongoni naye akalia, na kilio cha mtoto yule kiliwafurahisha watu. Na wale korongo waliopungua? Msiniulize, sijui. Mbuke naye hakujua, aliuliza mpaka uzeeni. Safari ina mengi, na wasafiri si wote wanaofika. Mwaka ule ndipo watu wa Lyandu walipojifunza kuwalilia wageni wasiokuja, badala ya kutafuta wa kumlaumu.

Na ziwa? Mzee Igulu alilifungua. Aliacha miezi miwili tu ya kufunga, kambale wanapotaga. "Hiyo ni ya samaki," akasema, "na samaki nimewaona kwa macho yangu."

Lakini kosa ni kosa. Mbuke alimshika mgeni, na mwiko ulikuwa mwiko. Watu wakangoja adhabu. Mzee akafikiri siku tatu, kisha akamwita.

"Adhabu yako ni hii," akasema. "Siku ya ngoma, sisi sote tutaingia ndani tugeukie ukuta, kama baba zetu. Wewe utabaki nje. Peke yako. Utatazama wanakokwenda mpaka macho yakuume, kisha utatuambia."

Je, iliwahi kutolewa adhabu tamu kama hiyo? Mbuke aliinamisha kichwa, asionekane anavyotabasamu.

Mvua zikapita. Korongo wakaanza kuzunguka na kupanda. Asubuhi ile Mbuke alikuwa amemwita Mkwe kwa mara ya mwisho. Uzi wa samawati hakuuondoa. Aliongeza mbegu moja nyekundu ya mtipitipi, akaifunga kwa fundo la baba yake, ili yule mtu ajue kwamba jibu limefika.

Ngoma ikalia: ndi, ndi, ndi! Milango ikafungwa. Mbuke akasimama juu ya jiwe, shingo yake yote ndefu imeelekea juu. Walizunguka, walipanda, walizunguka, walipanda. Hawakuzama. Walijinyoosha kama kamba mbinguni, wakashika njia ya kaskazini, juu ya magadi, juu ya vilima, na manyoya machache yakaanguka majini nyuma yao.

Macho mbinguni sasa, wajukuu zangu. Macho mbinguni.

Nyuma yake akasikia kitu. Mlango unalia, kwiii, polepole. Hakugeuka. Akasikia hatua za mtu mzima zikija juu ya mchanga, fimbo, mguu, fimbo, mguu, zikasimama kando yake. Alikuwa mzee Igulu, mkono juu ya nyusi, mdomo wazi kama mtoto. Miaka sabini alipiga ngoma ile, na hakuwa amewaona wakiondoka hata siku moja.

"Baba," Mbuke akasema, "na ukuta je?"

"Macho hayana pazia, mwanangu," mzee akasema. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu. "Nionyeshe Mkwe ni yupi."

Na milango ikaendelea kulia nyuma yao, mmoja, na mwingine, na mwingine.

Basi ndiyo hayo. Mkikua mkapewa fimbo ya kuhukumu watu, mkumbuke Lyandu. Kabla hujamtoa mtu nje ya kijiji, toka wewe kwanza nje ya nyumba yako ukatazame. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kugeukia ukuta halafu ukasema umeona.

Kisa changu kilikuwa ndege, kilikuwa kifuani mwangu, nimekiachia. Mwenye sikio amfungie uzi, mwenye mdomo amrushe tena. Wameruka!

Watatua wapi?

Kwa mtu, wajukuu zangu. Kwa mtu. Sengi, lete hizo karanga tuone zimebaki ngapi.